Moyo wa Thomas Hardy: uko Stinsford kweli, au paka alishaumaliza?

#1 Msomaji Mkaidi
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Southampton kwa masomo, na Pasaka hii nimepania kwenda Dorchester kumzuru Thomas Hardy, yule mwandishi Mwingereza wa riwaya za *Tess* na *The Mayor of Casterbridge*. Huyu mzee ameniteka tangu kidato cha tano. Tatizo ana makaburi mawili. Majivu yake yapo Westminster Abbey, lile kanisa mashuhuri la London, na moyo wake ulizikwa Stinsford, kijiji kilicho pembeni ya Dorchester.

Sasa juzi nikakaa kwenye treni na mzee mmoja mwenyeji wa Dorset. Nikamwambia naenda kuona kaburi la moyo, akaniambia nisijisumbue, moyo uliliwa na paka kabla ya maziko na kilichofukiwa pale ni moyo wa nguruwe. Kasema bila hata kucheka, kisha akashuka zake Brockenhurst.

Kuna ukweli hapo? Na mwenye kujua sehemu za kumfuatilia Hardy anipe mwongozo: nyumba zake, makumbusho, chama cha wapenzi wake, chochote. Nina wikiendi moja tu.

#2 Kisiki
Nakaa mkao wa kula. Samahani, paka kaniwahi.

#3 BintiTanga
Mkuu, tuanze na lile lisilo na ubishi. Hardy alifariki Max Gate, nyumbani kwake Dorchester, tarehe 11 Januari 1928, akiwa na miaka 87. Wosia wake ulikuwa wazi: azikwe Stinsford na wazazi wake na mkewe wa kwanza, Emma. Mwili haujapoa, wakubwa wakaingilia. Sydney Cockerell, aliyekuwa msimamizi wa maandishi yake, pamoja na mwandishi mwenzake J. M. Barrie, wakasema mtu wa hadhi hii hawezi kufukiwa kijijini, lazima Westminster Abbey. Mjane, Florence, alikuwa amechoka, hakuweza kupambana nao. Ndugu wa marehemu nao wakakataa katakata. Ndipo likaja wazo la kugawana: moyo ubaki Stinsford, mwili uchomwe na majivu yaende London.

Mazishi yakafanyika tarehe 16 Januari, saa nane mchana, sehemu mbili kwa wakati mmoja. Florence na Kate, dada wa marehemu, walikuwa London. Henry, mdogo wake, alibaki kuuzika moyo. Na Dorchester mjini nako kukawa na ibada yake. Kwa hiyo mtu mmoja, ibada tatu.

Hayo ya paka sijui kayatoa wapi huyo mzee wa treni.

#4 Mzee Kobe
Dada #3 umesema vyema. Niongeze tu kwamba Abbey waliosindikiza jeneza ni pamoja na Stanley Baldwin, waziri mkuu wa wakati huo, Ramsay MacDonald wa upinzani, na waandishi Kipling, Bernard Shaw, Galsworthy na Housman. Sir Thomas Hardy aliagwa kiserikali hasa.

#5 Kitabu Chakavu
Mzee wangu #4, shikamoo, lakini hakuna "Sir" hapo. Hardy alikataa kupewa hiyo. Alichopokea ni nishani ya Order of Merit, mwaka 1910, ndiyo maana kwenye jiwe la Stinsford kumeandikwa O.M. baada ya jina.

Kuhusu paka: hadithi ipo, ni ya zamani, na ina matoleo zaidi ya watu walioisimulia. Toleo la kwanza, daktari aliutoa moyo akauacha jikoni kwenye sahani, paka wa nyumba akapita nao, ikabidi utafutwe moyo wa mnyama. Toleo la pili, paka alikamatwa akiwa bado anajilamba, akanyongwa, akazikwa yeye mzima na moyo ukiwa tumboni. Toleo la tatu, aliwahi nusu tu. Watu wa Dorset wanakupa toleo kulingana na bia uliyowanunulia.

#6 Sista Du
😂😂😂 Toleo la pili limenimaliza. Yaani Emma amelala pale miaka yote na paka pembeni.

#7 Mkasi Mkali
Mimi muuguzi wa chumba cha upasuaji, nitasema kikazi. Walioutoa ule moyo ni madaktari wa kweli, waliufanyia kazi hapohapo Max Gate. Kinachoeleweka ni kwamba uliviringishwa kwenye taulo dogo, ukawekwa ndani ya kopo la biskuti, kopo likafungwa mpaka chombo cha maziko kilipopatikana. Sasa nionyesheni paka anayefungua kopo la biskuti la Kiingereza. Mimi mwenyewe hunivunja kucha.

Nadhani kopo ndilo lililozaa hadithi. Mtu akisikia moyo wa mwandishi mkubwa uko kwenye kopo la biskuti, akili yake inakwenda jikoni moja kwa moja, na jikoni kuna paka.

#8 Ras Kilemba
Sista mkasi, umejibu kiufundi ila hujajibu kijamii. Hadithi kama hii haitoki hewani. Wanakijiji walinyang'anywa mtu wao. Baba yake Hardy na babu yake walipiga ala kwenye bendi ya kanisa la Stinsford, yeye alibatizwa palepale, ametaja kila kichochoro cha pale kwenye vitabu vyake. Halafu wanakuja waungwana wa London na Cambridge wanachukua mwili na kuwaachia kipande. Ungekuwa wewe usingetunga kitu? Paka ni kejeli dhidi ya wale wakubwa. Mmechukua maiti yetu? Basi hata hicho mlichotuachia kimeliwa na paka.

#9 Mkenya Mtoro
Ras, nakuheshimu lakini hapo umeenda mbali. Hao wanakijiji wako wengine hawakumpenda Hardy hata kidogo. Walimuona mzee bahili, asiyekwenda kanisani kwa imani, aliyemfanya mke wake akajihamishia vyumba vya darini. Labda ni chuki tu: moyo wake wenyewe haukuwa na thamani ya kuzikwa. Pia kuna wanaosema ni wapenda utani wa baa waliomchokoza mwandishi wa habari, akaandika.

Hizo sababu mbili zinatosha, sihitaji siasa za London.

#10 Msomaji Mkaidi
Nashukuru sana wote. Kwa hiyo Stinsford naenda, paka au bila paka. Sasa mniambie nianzie wapi. Naona kwenye ramani kuna Hardy Monument, mnara mkubwa juu ya kilima. Nianze na huo?

#11 Kitabu Chakavu
Usithubutu. Huo mnara ni wa Hardy mwingine: Thomas Masterman Hardy, nahodha wa meli ya amiri Nelson vitani Trafalgar, 1805. Umejengwa 1844, wakati Hardy wetu ni mtoto wa miaka minne. Majina yamegongana, wote watu wa Dorset. Mandhari ni mazuri, bahari unaiona, ila ukipiga picha na kuandika "nimefika kwa mwandishi wa Tess" watakucheka.

#12 Jogoo la Shamba
Mimi nilishapiga hiyo picha. Iko Facebook hadi leo na haina like hata moja ya Mwingereza 😅

#13 BintiTanga
Mkaidi, mimi naishi Bournemouth, ile ambayo Hardy anaiita Sandbourne vitabuni, kwa hiyo njia hii naijua. Kutoka Southampton unapanda treni ya Weymouth, unashuka Dorchester South. Kutoka hapo kwa miguu.

Max Gate usiikose. Hardy alisomea usanifu majengo, nyumba aliichora mwenyewe, mdogo wake Henry na baba yake wakaijenga, wakahamia 1885. Kwa nje ni ya kawaida, nakuambia mapema usije ukavunjika moyo. Humo ndimo zilimoandikwa *Tess* na *Jude the Obscure*. Panda mpaka darini ukaone vile vyumba vya Emma alivyovisema Mtoro. Ni vidogo, ngazi nyembamba, na utaelewa ndoa yao kuliko kitabu chochote kitakavyokueleza. Kisha toka bustanini, kuna makaburi ya wanyama wao. Mbwa Wessex ana jiwe lake pale, alikufa Desemba 1926. Alikuwa mkali, aliuma wageni wengi wenye majina.

Nyumba aliyozaliwa iko Higher Bockhampton, nje ya mji. Ni ya udongo, paa la nyasi, ilijengwa na babu wa baba yake mwaka 1800. Unapita msituni Thorncombe kuifikia. *Far from the Madding Crowd* aliandikia humo. Nyumba zote mbili zipo chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, kwa hiyo angalia siku wanazofungua kabla hujatoka, nje ya msimu hubadilika.

#14 Kisiki
Wessex aliuma wageni, paka akala moyo. Hiyo nyumba ilikuwa na mifugo ya kazi.

#15 Mzee Kobe
Marahaba kijana #5, na nimepokea hilo la Sir.

Mkaidi, usisahau Dorset Museum, ipo katikati ya mji, High West Street. Wameihamishia pale ofisi ya Hardy kutoka Max Gate: meza, vitabu, kiti, kila kitu. Simama karibu na kioo uangalie kalamu. Zina mikono ya mfupa na amechonga juu yake majina ya vitabu alivyoviandika kwa kila moja. Na mezani kuna kalenda inayosoma Jumatatu, tarehe 7 Machi. Hiyo ndiyo siku alipokutana na Emma mara ya kwanza, St Juliot kule Cornwall, mwaka 1870. Emma alipokufa 1912 Hardy akaiacha kalenda ikisoma siku hiyo, na akaendelea kuandika mbele yake. Hata baada ya kumuoa mke mwingine, Florence, 1914.

Muswada halisi wa *The Mayor of Casterbridge* nao ni mali ya makumbusho hayo.

#16 Sista Du
Pole Florence. Unaolewa, kila asubuhi unafuta vumbi kwenye kalenda ya mke mwenzio marehemu.

#17 Mkenya Mtoro
Ndiyo maana nilisema. Akiwa hai Emma yuko darini, akifa anaandikiwa mashairi bora ya lugha nzima. Wanaume wa hivyo tunao hata ukoo wetu, tofauti ni kwamba wao hawaandiki mashairi.

#18 Ras Kilemba
Mtoro, kwani Emma naye alikuwa malaika? Someni barua. Hakuipenda *Jude* kabisa, na si yeye peke yake: Askofu wa Wakefield alitangaza kwamba ameitupa motoni. Baada ya hapo Hardy hakuandika riwaya nyingine mpya hadi kufa, miaka thelathini na zaidi ni mashairi tu. Mkewe na kanisa walimziba mdomo.

#19 Kitabu Chakavu
Hapana Ras. Hayo ya askofu ni kweli, lakini kusema ndiyo sababu ni kurahisisha. Mashairi aliyaandika tangu ujana London miaka ya 1860, hayakuwa na wa kuyachapa. Riwaya zilikuwa ajira, na lazima uwaridhishe wahariri wa magazeti: *Tess* ilikatwakatwa ndipo ikachapwa kwa sehemu gazetini. Kufikia 1895 alishakuwa na fedha. Mtu akishapata fedha anafanya anachokipenda.

#20 Mkasi Mkali
Au alikuwa amesema yote aliyonayo. *Jude* ukiimaliza hutaki kusoma tena kitu kwa mwezi, seuze aliyeiandika.

#21 Jogoo la Shamba
Turudi kwa Mkaidi jamani. Ndugu, ukiwa mjini pita South Street, kuna jengo lina kibao cha buluu kinachosema inasemekana Meya wa Casterbridge (ndiyo Dorchester ya vitabuni) aliishi humo. Meya ambaye hajawahi kuwepo duniani! Mtu aliyemuuza mke wake kwenye gulio kwa guinea tano (pesa ya zamani ya Kiingereza), kwenye kitabu tu, na bado ana kibao, wakati baba yangu aliyejenga shule ya kijiji hana hata kigae.

Halafu nenda hoteli ya King's Arms uangalie dirisha lake kubwa la mbele. Ndipo yule mke aliyeuzwa anapochungulia anamuona mumewe ameketi kwenye karamu, ameshakuwa mheshimiwa. Maumbury Rings nayo iko palepale, uwanja wa Warumi, bure. Sanamu ya Hardy ameketi na kofia gotini iko juu ya High West Street, tangu 1931.

#22 Tumbiri Msomi
Mimi nipo Mwanza, visa ya Uingereza siioni hata ndotoni. Mna nini kwa sisi wa mbali?

#23 Kitabu Chakavu
Tumbiri, uko vizuri kuliko unavyodhani. Riwaya zote ziko Project Gutenberg bure, na LibriVox wana sauti zilizosomwa na watu wa kujitolea. Zishushe usiku bando linapokuwa rahisi. Chuo Kikuu cha Exeter kwa kushirikiana na Dorset Museum wameweka mtandaoni barua ambazo watu walimwandikia Hardy, unaziona picha na maandishi yamechapwa upya. Mle kuna kila aina ya binadamu, kuanzia waandishi wenzake hadi wasomaji waliokuwa na shida zao.

Chama ni The Thomas Hardy Society, kilianzia sherehe za 1968 Dorchester, miaka arobaini baada ya kifo. Kila baada ya miaka miwili wanafanya mkutano mkubwa, wana jarida lao, na wanapokea wanachama wa nchi yoyote.

Wasifu wake soma wa Claire Tomalin, 2006, unasomeka kama riwaya. Ukitaka kuchimba, Michael Millgate. Ule uliotoka kwa jina la Florence miaka ya 1928 na 1930 uusome kwa jicho moja: sehemu kubwa Hardy aliuandika mwenyewe kwa siri, mke akatia jina. Kisha makaratasi yakachomwa bustanini.

#24 Sista Du
Subiri. Mtu ameandika wasifu wake mwenyewe, kamtanguliza mke, kachoma ushahidi, na bado tunabishana kuhusu paka?

#25 Ras Kilemba
Sista Du umeniungia mkono bila kujua. Familia iliyoficha hayo yote inashindwa nini kuficha paka? Cobby, paka wa Max Gate, inasimuliwa kwamba alitoweka siku zilezile Hardy alipofariki. Alikwenda wapi?

#26 Mkasi Mkali
Paka hutoweka, Ras. Nyumba imejaa madaktari, wazishi, waandishi wa habari, milango iko wazi Januari. Hata mimi ningetoweka.

#27 Mzee Kobe
Kwa wanaopitia London: ule mti wa Hardy pale St Pancras Old Church, uliozungukwa na mawe ya makaburi, msiutafute tena. Ulianguka Desemba 2022. Hardy akiwa kijana ofisini kwa msanifu majengo Arthur Blomfield alisimamia ufukuaji wa makaburi pale reli ilipokuwa ikipita, miaka ya 1860, na ndiye aliyeyapanga mawe kuuzunguka mti ule.

#28 Kitabu Chakavu
Mzee, kufukua alisimamia kweli. Kupanga mawe ndipo penye shida. Kuna picha ya miaka ya 1920 inayoonyesha rundo la mawe bila mti. Mti ukaja kuota baadaye katikati yake.

#29 Mzee Kobe
Kijana, nilisimama kwa miguu yangu mbele ya huo mti, ulikuwa mnene hivi. Miti ya aina ile haikui kama mahindi. Picha moja inaweza ikapigwa upande ambao mti hauonekani.

#30 Kitabu Chakavu
Mti mzima ujifiche nyuma ya mawe ya magoti, mzee wangu?

#31 Tumbiri Msomi
Kitabu Chakavu, Mungu akubariki, nimeanza kushusha. Nianze na kipi? Msiseme *Jude*.

#32 BintiTanga
*Far from the Madding Crowd*. Kuna mapenzi, kondoo, dhoruba, na mwisho hutalia sana. *The Woodlanders* kinafuata. *Tess* ukiwa na mtu wa kumpigia simu.

#33 Mkenya Mtoro
Napinga. *The Mayor* kwanza. Sura ya kwanza tu jamaa amelewa ameuza mke, hakuna kitabu cha enzi za Malkia Victoria kinachoanza kwa kasi hiyo.

#34 Msomaji Mkaidi
Mpango wangu: Jumamosi makumbusho na mji, jioni Max Gate. Jumapili Stinsford kwa miguu, kisha Bockhampton. London nitapita Abbey safari nyingine, naona kiingilio chake kinauma.

#35 Jogoo la Shamba
Abbey ukienda kusali huingii kwa pesa. Ila kwenye ibada hawakuruhusu kuzungukazunguka kutafuta makaburi, kwa hiyo unaweza ukasali vizuri na Hardy usimuone. Yupo Pembe ya Washairi, ubavuni kwa Dickens.

Na ukiwa Stinsford angalia pia kaburi la Cecil Day-Lewis, mshairi, baba wa yule muigizaji Daniel. Alizikwa karibu na Hardy, 1972.

#36 Mkasi Mkali
Kama muda unaruhusu shuka Moreton njiani, ipo kwenye reli hiyohiyo. Pale kazikwa T. E. Lawrence, yule wa vita vya Arabuni. Alikuwa anakuja Max Gate kwa pikipiki kumtembelea Hardy na Florence, nyumba yake Clouds Hill haiko mbali.

#37 Msomaji Mkaidi
Na Bere Regis? Nataka kuona yale makaburi ya ukoo wa Turberville kanisani, ambako familia ya Tess wanalala nje na kitanda chao. Kuna mtu ameshafika bila gari? BintiTanga, kama nawe hujafika tugawane teksi kutoka Wool.

#38 BintiTanga
Nimefika, na ningeenda tena. Jumapili usafiri wa vijijini ni wa kubahatisha, kwa hiyo teksi iagizwe mapema, usitegemee kuikuta stesheni. Tukishuka Wool tunaanza na Woolbridge Manor, ile nyumba ya fungate ya Tess, unaiona ukiwa darajani. Ni nyumba ya watu, hatuingii. Nicheki inbox, ila Bockhampton itabidi uisogeze Jumamosi asubuhi.

#39 Kisiki
Mkirudi mtuambie wenyeji wamewapa toleo la ngapi.

#40 Ras Kilemba
La nne. Kwamba daktari ndiye aliyekula.

#41 Mkasi Mkali
Mods, huyu mpigeni ban.